Ardhi ya pwani, bahari na utalii visiwani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara (Unguja, Pemba na Mafia)

Ukurasa huu ni kwa wenye viwanja na nyumba za wageni pwani, kamati za shehia na za vijiji, manahodha wa boti za watalii na wanaowaongoza wageni majini. Majibu mengi yanahusu Zanzibar. Pale ambapo sheria ya Mafia ni tofauti, tumesema. Nafasi kubwa tumeipa nchi kavu, kwa sababu kisima, karo, ukuta na taa ndivyo vinavyoanza kuudhuru mwamba wa matumbawe na ufukwe, na mara nyingi vimewekwa na watu wasiokusudia ubaya wowote.

Tatizo liko baharini. Kwa nini mnaanza na ardhi?

Kwa sababu visiwani huwezi kuvitenga viwili hivi. Sehemu kubwa ya pwani ya mashariki ya Unguja ni maweni, jiwe la matumbawe ya kale lililojaa nyufa na mapango. Ukimwaga maji machafu juu yake, hayachujwi na udongo. Hupenya nyufa na kutokea kwenye maji ya ndani ya mwamba, yaani yale yaliyo kati ya ufukwe na mwamba wa baharini. Mchanga mweupe nao hauletwi na mto. Unatengenezwa na mwamba wenyewe: matumbawe yaliyosagika, makombe, miani yenye chokaa, na pono anayeguguna jiwe na kulitoa likiwa mchanga. Mwamba ukifa, kiwanda cha mchanga kimefungwa, na mawimbi yaliyokuwa yakivunjika mbali yanafika ufukweni na nguvu zake zote.

Shinikizo nalo limekua haraka. Zanzibar ilipokea watalii 638,498 mwaka 2023 na 736,755 mwaka 2024. Wakaazi, kwa Sensa ya 2022, ni 1,889,773. Wageni karibu wote hulala kwenye ukanda mwembamba wa pwani wa Unguja, hivyo mzigo hauenei kisiwa kizima. Unabebwa na vijiji vichache kama Nungwi, Kiwengwa, Paje, Jambiani na Kizimkazi.

Nijenge umbali gani kutoka baharini?

Zanzibar ni mita 30 kutoka alama ya juu ya maji kujaa. Tanzania Bara, na Mafia imo humo, kifungu cha 57 cha Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 kinalinda mita 60.

Kosa la kawaida ni kupima siku ya maji mafu, ambapo maji hayapandi sana. Pima siku za bamvua, siku moja au mbili baada ya mwezi mchanga au mwezi mpevu, na ukiweza subiri bamvua kubwa za Machi na Aprili au Septemba na Oktoba. Tafuta mstari wa juu kabisa wa majani na takataka zilizoachwa na maji, kisha anza kuhesabu hapo. Kama nyuma ya mstari huo kuna tuta la mchanga lenye majani yanayotambaa, hesabu kuanzia nyuma ya tuta, kwa sababu tuta hilo ni akiba ambayo bahari huja kuichukua wakati wa dhoruba na kuirudisha baadaye.

Halafu kuna suala la pepo. Ufukwe wa Nungwi na Kendwa huhamahama kati ya kusi na kaskazi: mahali penye mchanga mpana msimu mmoja, msimu mwingine maji yanagusa ngazi. Usichore ramani kabla hujakiona kiwanja katika misimu yote miwili. Na mita 30 ni kiwango cha chini. Kwenye ufukwe unaohama, tunashauri 50. Bwawa la kuogelea, uzio wa mawe na baa ya makuti yenye sakafu ya zege vyote ni ujenzi. Ukitaka kitu karibu na maji, kiwe cha mbao juu ya nguzo na kiweze kung'olewa.

Bahari inakula ufukwe wangu. Nijenge ukuta?

Kwa kawaida hapana, na hili ndilo jibu linalopingwa kuliko yote kwenye ukurasa huu. Wimbi likipanda ufukwe wenye mteremko hupoteza nguvu polepole na kuacha mchanga. Likikutana na ukuta wima hurudi kwa kishindo na kuchimba mguuni mwa ukuta. Baada ya misimu michache mchanga wa mbele unashuka, maji yanakuwa marefu zaidi, mawimbi makubwa zaidi yanafika, na msingi unabaki wazi. Wakati huohuo maji yanazunguka ncha za ukuta na kula kiwanja cha jirani, naye anajenga wake. Ndivyo pwani nzima inavyogeuka kuwa kuta, na wageni wanaambiwa waoge maji yakipwa tu.

Vizuizi vya mawe vinavyoingia baharini navyo vina hila. Vinadaka mchanga wa msimu mmoja upande mmoja na kumnyima jirani wa upande wa pili; pepo zikigeuka, na uharibifu unageuka.

Cha kufanya kwanza ni kutafuta chanzo. Je, kuna ukuta mpya upande unakotoka mkondo? Kuna wanaochota mchanga? Mlikata majani ya pwani ili mgeni aone bahari? Rudisha mimea: yale majani yanayotambaa yenye maua ya zambarau hushika kwa vipandikizi vya nusu mita, vikifukiwa theluthi mbili mwanzoni mwa masika, nusu mita kwa nusu mita. Zuia watu wasikanyage kwa mwaka mmoja na toa njia moja tu ya mbao kushukia. Mvinje ni mzuri nyuma, si mbele kabisa, maana kivuli chake na majani yake makavu huua mimea ya chini inayoshika mchanga. Kama jengo liko hatarini mwezi huu, viroba vikubwa vya kitambaa imara vilivyojazwa mchanga, vikipangwa kwa mteremko, vinakupa misimu michache ya kupanga namna ya kurudi nyuma. Visichukuliwe kuwa dawa ya kudumu.

Nyasi bahari zinazorundikana ufukweni: tuzifagie?

Ziacheni, au zisogezeni kwa reki ya mkono hadi juu ya ufukwe na kuzifukia kwenye tuta. Marundo hayo hupunguza kasi ya wimbi na kushika mchanga. Trekta au chepe linalozoa nyasi huzoa na mchanga kila asubuhi, na hasara ya mwaka mzima inakuwa kubwa. Mwelezeni mgeni, wengi wanaelewa wakiambiwa mapema.

Kisima kilikuwa kitamu, sasa kina chumvi. Tuchimbe zaidi?

Kuchimba zaidi ndiko kutakakokiharibu kabisa. Chini ya kisiwa, maji matamu yanaelea juu ya maji ya bahari kwa sababu ni mepesi. Kanuni yake ni hii: kila mita 1 ya maji matamu iliyo juu ya usawa wa bahari inashikilia takribani mita 40 chini yake. Pampu ikishusha maji ya kisima kwa nusu mita tu, mpaka wa chumvi unaweza kupanda mita 20. Unapanda haraka na unarudi polepole sana, wakati mwingine miaka.

Hivyo punguza kasi ya pampu. Pampu ndogo inayofanya kazi saa 10 hadi 12 na kujaza tangi ni salama kuliko pampu kubwa ya saa 2. Visima viwili vifupi vilivyoachana ni bora kuliko kimoja kirefu, na viwe mbali na ufukwe kadiri iwezekanavyo. Nunua kipimo kidogo cha kupima jinsi maji yanavyopitisha umeme. Pima mara moja kwa mwezi, saa ileile ya maji kujaa au kupwa. Maji matamu ya maweni huwa chini ya maikrosimensi 1,500 kwa sentimita. Namba ikipanda miezi mitatu mfululizo, punguza uvutaji kabla ulimi haujagundua. Mwambieni na jirani, kwa sababu maji yale ni ya kijiji kizima na kisima cha msikiti kinaweza kuharibika kabla ya cha hoteli.

Mgeni mmoja anatumia maji kiasi gani kwa siku?

Utafiti uliochapishwa 2001 kuhusu pwani ya mashariki ya Unguja ulipata wastani wa lita 685 kwa mgeni kwa siku: lita 248 kwenye nyumba za wageni na lita 931 kwenye hoteli. Jambo la kuzingatia ni matumizi yenyewe. Hotelini karibu nusu ya maji ilikwenda kwenye bustani. Kwa hiyo kabla ya kubandika tangazo la kumwomba mgeni aoge haraka, ondoa majani ya ukoka na kupanda mimea ya pwani isiyohitaji kumwagiliwa.

Mvua nayo isipotee. Milimita 1 ya mvua juu ya mita 1 ya mraba ya paa ni lita 1. Paa la mita za mraba 100, mvua ya milimita 1,000 na upotevu wa asilimia 20, unapata lita 80,000. Tatizo si kukusanya bali kuhifadhi: masika na vuli hujaza tangi, lakini Juni hadi Septemba ni kavu. Kwa familia au banda la wageni wanne wanaotumia lita 80 kila mmoja, miezi minne ni kama lita 38,000. Maji ya paa la makuti hutoka na rangi ya chai. Pitisha kwenye chujio la mchanga na kokoto, na yatumike kwa kuoga na kusafishia.

Mashine ya kuondoa chumvi si ndiyo suluhisho?

Inasaidia kisima kipumue, lakini hula umeme wa uniti 3 hadi 5 kwa kila mita ya ujazo ya maji matamu inayotokana na maji ya bahari, na nusu au zaidi ya maji iliyovuta huyatoa tena yakiwa na chumvi karibu maradufu. Maji hayo mazito huzama na kutulia. Yakimwagwa ndani ya mwamba wakati wa maji mafu yanaua nyasi bahari na mwani. Bomba litoke nje ya mwamba, penye mkondo.

Karo la kawaida linatosha kwa nyumba ya wageni?

Shimo lisilo na sakafu, ambalo wengi huliita karo, halitoshi popote kwenye maweni. Linalotakiwa ni tangi lisilovuja, lenye vyumba viwili au vitatu, kisha sehemu ya kusafishia maji kabla hayajaingia ardhini.

Chukua mfano wa wageni 20 na wafanyakazi 10 wasiolala hapo. Wageni lita 200 kila mmoja, wafanyakazi 60: jumla lita 4,600 kwa siku. Maji yakae siku mbili, hivyo 9,200. Ongeza theluthi moja kwa ajili ya tope, unafika kama lita 12,300. Kwa kina cha maji cha mita 1.5, hilo ni tangi la mita 2 kwa mita 4.1. Ukuta wa kati uwekwe ili chumba cha kwanza kiwe theluthi mbili. Bomba la kuingia na la kutoka yawe na kiungo cha umbo la T, vinginevyo utando wa juu unaondoka na maji.

Baada ya tangi, pitisha maji kwenye kitanda cha kokoto chenye kina cha sentimita 60, kilichotandikwa plastiki nzito chini, kilichopandwa matete. Kadiria mita za mraba 2 kwa mtu, yaani 60 kwa mfano huu. Maji yanayotoka hapo yanafaa kumwagilia chini ya ardhi, si kwa kurusha hewani. Mwisho wa mfumo uwe angalau mita 1.5 juu ya usawa wa maji ya ardhini siku ya bamvua. Kiwanja kikiwa chini mno, inua kitanda juu ya ardhi.

Mambo yanayouua mfumo huu ni mafuta ya jikoni (weka mtego wa mafuta na uusafishe kila wiki), dawa za klorini zinazomwagwa chooni kwa ndoo, na maji ya kusafishia chujio la bwawa la kuogelea yaliyoelekezwa humo. Klorini huua vijidudu vinavyofanya kazi yote. Tope litolewe kila miaka miwili au mitatu, na uliza gari la maji taka linakwenda kumwaga wapi. Swali hilo huulizwa mara chache mno.

Ninataka kuuza kiwanja changu cha pwani kwa mwekezaji. Nijue nini?

Zanzibar ardhi yote ni mali ya umma chini ya Serikali. Unachomiliki, kwa Sheria ya mwaka 1992, ni haki ya matumizi. Mgeni hapati haki hiyo kama Mzanzibari. Hupata ukodishaji wa muda kupitia ZIPA (mamlaka ya uwekezaji ya Zanzibar) na Kamisheni ya Ardhi, kwa kawaida miaka 33 inayoweza kuongezwa. Miti inaweza kuwa na mwenyewe tofauti na mwenye kiwanja, kwa hiyo minazi ihesabiwe, na warithi wote wakubaliane kabla ya mtu kuweka saini kwa Sheha.

Kwa maoni yetu, familia inayoweza kusubiri ifikirie ubia au ukodishaji kabla ya kuachia moja kwa moja. Bei ya mara moja huisha kwenye nyumba na pikipiki, na pwani hairudi. Katika mkataba wowote, yaandikwe kwa vipimo na kwa ramani haya: njia ya kwenda pwani na upana wake, diko na mahali pa kupandishia vyombo, makaburi, mizimu, visima vya zamani na dago (kambi ya wavuvi) kama lipo. Ahadi ya mdomo kwamba "watu wataendelea kupita" huzikwa siku meneja anapobadilishwa.

Mafia ni jambo jingine: ardhi ya kijiji iko chini ya Sheria Na. 5 ya 1999, na Mkutano Mkuu wa Kijiji una sauti. Mtu mmoja au mwenyekiti peke yake hana mamlaka ya kutoa ardhi ya kijiji.

Ripoti ya tathmini ya athari kwa mazingira imeletwa shehiani. Tuangalie nini?

Msiisome kuanzia mwanzo. Kurasa za mwanzo ni maelezo ya nchi nzima. Nendeni moja kwa moja kwenye michoro na mipango ya utekelezaji. Maji yatatoka wapi na lita ngapi kwa siku msimu wa wageni wengi? Maji machafu yanaishia wapi hasa? Mstari wa mita 30 umechorwa kutoka alama gani, na ilipimwa lini? Njia na diko viko kwenye ramani? Boti ngapi zitatumia mwamba gani? Takataka zitabebwa na nani? Jibu lililoandikwa "hatua stahiki zitachukuliwa" halijajibu kitu. Pelekeni maoni ZEMA (mamlaka ya mazingira ya Zanzibar) kwa maandishi, yenye tarehe na saini za wajumbe, na mbaki na nakala. Mafia ni NEMC, baraza la mazingira la Bara. Baada ya cheti kutolewa, masharti yake ndiyo silaha yenu, hivyo ombeni nakala.

Mwani na mchezo wa tiara za maji (kuteleza juu ya ubao ukivutwa na tiara) vinaweza kukaa pamoja Paje na Jambiani?

Vinaweza, kwa mipaka iliyoandikwa. Kilimo cha mwani kilianza Zanzibar mwaka 1989 na wakulima wengi ni wanawake. Mambo zao, yaani vigingi, zimechomekwa mchangani, kamba zimefungwa vipande, na mavuno ni kila baada ya wiki sita hivi. Mchezaji wa tiara akipita na pezi la ubao wake juu ya kamba wakati maji ni ya goti, anakata mavuno ya mwezi mzima. Upande wa pili, mtalii hukatwa mguu na mambo kuukuu zilizoachwa.

Kinachofanya kazi ni haya. Mashamba yachorwe kwenye ramani pamoja na wakulima wenyewe, si kwa niaba yao. Pembe za kila eneo ziwekewe maboya yanayoonekana maji yakijaa. Tiara zianze na kuishia kwenye ujia mmoja usio na mashamba, na zisiruke maji yakipwa. Mambo zilizoachwa zing'olewe kila mwisho wa msimu. Fidia ya kamba iliyokatwa ipangwe mapema kwa kila kamba, na shule ya tiara ilipe papo hapo.

Tusisahau kwamba mwani una adui mwingine. Aina yenye bei nzuri, cottonii, hufa maji ya kina kifupi yakipata joto. Matawi hugeuka meupe na kukatika. Kupeleka mashamba kwenye maji marefu zaidi kunasaidia, lakini kunahitaji chombo na kuogelea, mambo ambayo wakulima wengi hawakupewa nafasi ya kujifunza. Hoteli inayotaka ujirani mwema ianzie hapo.

Tupande mikoko wapi?

Isipandwe kwenye nyasi bahari wala kwenye tope tupu la mbele ambako haijawahi kuota, hata kama picha zitapendeza. Miche elfu hufa ndani ya mwaka. Kila aina ina mahali pake: mlilana upande wa bahari, mkoko penye mifereji, msinzi na mkandaa nyuma, mchu hadi kwenye ukingo wa juu wenye chumvi kali. Mara nyingi kazi halisi ni kufungua mfereji uliozibwa na barabara au tuta. Maji yakirudi, mbegu zinajileta. Mkipanda mkoko, chomekeni theluthi moja ya mche, mita 1 kwa mita 1.

Boya la kufungia boti linatengenezwaje?

Nanga moja ya kilo chache hubomoa kwa dakika matumbawe yaliyokua kwa miongo, na mnyororo hufagia duara zima boti inapozunguka. Boya ni la lazima kwenye kila mwamba unaotembelewa.

Uzito uwekwe mchangani pembeni mwa matumbawe. Zege hupoteza zaidi ya asilimia 40 ya uzito wake likiwa majini: jiwe la tani 1 linabaki kama kilo 570. Kwa boti ya abiria 15 tunashauri jiwe la tani 1.5 hadi 2, pana na fupi, lenye upande wa chini uliobonyea kidogo ili lishike mchanga. Kutoka kwenye jiwe mnyororo mfupi, kisha kamba, na boya dogo katikati ya kina linaloinua kamba isiguse chini. Hili la katikati ndilo husahauliwa, na bila yake kamba inageuka kuwa msumeno.

Bamvua hapa hupanda na kushuka takribani mita 4, hivyo urefu wa kamba upigwe kwa maji makubwa. Kagueni pingu na kamba kila miezi mitatu, na kamba ibadilishwe kila mwaka. Maboya mengi hayaibiwi wala hayavunjwi. Hupotea kwa sababu hakuna mtu aliyepewa jukumu la kuyakagua.

Mwamba mmoja unabeba wageni wangapi?

Tafiti za Bahari ya Shamu na Karibi zilionyesha uharibifu kuongezeka haraka baada ya wazamiaji 5,000 hadi 6,000 kwa mwaka katika sehemu moja. Ukigawa 5,000 kwa siku 365 unapata 14 kwa siku. Linganisha na asubuhi moja ya msimu kule Mnemba, ambako hifadhi ilitangazwa 2002, na utaona kwa nini sisi tunataka idadi ya boti iwekewe ukomo na kugawiwa kwa saa.

Muongozaji mmoja achukue wageni sita hadi wanane. Asiwashushe maji yakiwa chini ya mita 1.5 juu ya matumbawe, kwa sababu mgeni aliyechoka husimama, na mahali anaposimama ni jiwe lililo hai. Wasiojua kuogelea wavae jaketi na washikilie boya la duara. Mazoezi ya mapezi yafanyike kwanza mchangani. Kusiwe na kulisha samaki mkate, wala kuinua kiti cha pweza kwa ajili ya picha. Makombe makubwa ya baragumu yasiuzwe: konokono wake ni miongoni mwa wachache wanaomla yule kiti cha pweza mwenye miiba anayemaliza matumbawe.

Mafuta ya kuzuia jua yanadhuru mwamba?

Baadhi ya kemikali zake zina madhara, na Palau ilizipiga marufuku 2020. Fulana ya mikono mirefu inamaliza suala lote. Azimisha au uza fulana.

Pomboo wa Kizimkazi na potwe (papa nyangumi) wa Mafia: boti ifanyeje?

Isimkimbilie mnyama wala kumkatia mbele. Sogea kwa ubavu, polepole, ukiwa sambamba naye, na ukifika mita 50 punguza injini kabisa. Boti zisizidi mbili kwa kundi moja, nyingine zisubiri. Pomboo wakianza kuzama muda mrefu, kubadilisha mwelekeo ghafla au kupiga mikia, ondokeni. Kurusha wageni majini mara kumi mbele ya kundi lilelile huwanyima pomboo kupumzika na kunyonyesha, na baada ya miaka watahama na riziki ya kijiji.

Potwe huonekana karibu na Kilindoni, hasa Oktoba hadi Machi, wakifuata chakula. Mwogeleaji akae mita 3 kutoka ubavuni na 4 kutoka mkiani, asimguse, asipige mwanga wa kamera.

Taa za ufukweni zina shida gani?

Makinda ya kasa hutoka usiku, siku 50 hadi 60 baada ya mayai kutagwa, na hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao zamani ulikuwa bahari. Taa zifunikwe juu, zielekezwe chini, ziwe za rangi ya kaharabu, na zisionekane ukiwa umelala kifudifudi mchangani. Vitanda vya jua viondolewe usiku.

Kuna mahali ambapo haya yote yamewezekana?

Chumbe, kisiwa kidogo kusini magharibi ya Mji Mkongwe. Mwamba wake ulitangazwa hifadhi mwaka 1994 na wageni wakaanza kupokelewa 1998. Kuna mabanda saba tu. Mvua inakusanywa kutoka kwenye mapaa, inachujwa na kuhifadhiwa chini ya kila banda. Vyoo ni vya mboji visivyotumia maji. Maji ya kuogea hupita kwenye kitanda cha mimea. Umeme ni wa jua. Wavuvi walifundishwa kuwa walinzi wa mwamba, na wanafunzi hupelekwa kujifunza.

Tusidanganyane kuhusu gharama zake. Chumbe haikuwa na kijiji, hivyo haikumnyima mtu makaazi, na mabanda saba hutoza bei ambayo si kila sehemu itapata. Joto la bahari la 1998, 2016 na 2024 lilipausha matumbawe kote ukanda huu, na hakuna mlinzi anayeweza kuzuia joto. Lakini mwamba ambao haupokei maji taka wala nanga una nafasi nzuri zaidi ya kupona. Hicho ndicho cha kuigwa, hata na mwenye vyumba vinne Jambiani.

Shehia yetu haina bajeti. Tupime nini wenyewe?

Umbo la ufukwe. Tafuteni fito mbili za mita 1.5, zichorwe sentimita kuanzia juu kwenda chini, na kamba ya mita 2 kati yake. Anzia kwenye alama isiyohama, kama mnazi au pembe ya msingi. Fito ya pili iwe upande wa bahari. Aliye nyuma alinganishe ncha ya fito ya mbele na mstari wa upeo wa bahari, kisha asome namba kwenye fito yake: huo ndio mshuko wa hatua hiyo. Sogeeni mita 2, rudieni hadi majini. Fanyeni siku ileile ya bamvua kila mwezi.

Piga picha kutoka nguzo ileile. Hesabu boti kwenye mwamba saa 4 asubuhi, siku mbili kwa wiki. Soma chumvi ya visima vitatu. Daftari liwe moja, likae kwa Katibu wa kamati, na kila mstari uwe na tarehe, saa, hali ya maji, upepo na jina la aliyepima.